Fyuzi moja yaamua uhai wa mashine mjini Las Vegas

Na MWANDISHI WETU aliyezuru Las Vegas, Marekani

MSAFIRI anayewasili Las Vegas kwa ndege usiku hudhani jangwa linawaka moto. Kwa muda mrefu dirishani huwa ni giza tupu la jangwa la Mojave, kisha ghafla taa za kila rangi hujitokeza kana kwamba mtu amemwaga gunia la vito mchangani.

Sijaona mji mwingine unaotegemea stima namna hii. Bwawa la Hoover, lililojengwa katika Mto Colorado kilomita zipatazo 50 kutoka hapa, lilizinduliwa mwaka wa 1935 na mitambo yake ikaanza kutoa stima mwaka uliofuata. Kamari nayo ilikuwa imehalalishwa katika jimbo la Nevada mwaka wa 1931. Stima na kamari vikaoana, na mtoto wao ndiye Las Vegas.

Lakini msomaji, leo sikupeleki kwenye kasino. Nataka tutembee hadi mwisho wa barabara ile mashuhuri, upande wa kusini, palipo na kile kibao cha kuwakaribisha wageni ambacho kimepigwa picha na watalii tangu mwaka wa 1959. Karibu na kibao hicho, mwendo mfupi kwa miguu, lipo jumba pana lisilo na madoido. Mbele yake pamebandikwa herufi kubwa ajabu zinazosomeka PINBALL.

Hilo ni Pinball Hall of Fame, makumbusho ya mchezo wa pinboli. Lilifunguliwa mwaka wa 2006 katika mtaa mwingine wa mji huu, na mwaka wa 2021 likahamia hapa. Huingii kwa tiketi. Unaingia bure, unabadilisha noti upewe sarafu, kisha unachagua mashine unayotaka. Jumba haliendeshwi kwa ajili ya faida ya mtu.

Kwa wasiowahi kuuona mchezo huu, pinboli ni sanduku refu lenye miguu minne ya chuma, mfano wa meza iliyoinama kidogo kumwelekea mchezaji. Juu yake pana kioo. Chini ya kioo mpira wa chuma wenye uzito wa gramu 80 hivi hukimbia huku na huko, ukigonga vikingi vinavyowaka taa na kuhesabu pointi. Mchezaji ana vitufe viwili ubavuni. Akivibonyeza, vijiti viwili viitwavyo flipa huupiga mpira urudi juu usije ukatumbukia shimoni.

Ndani ya jumba kelele ni za namna yake. Mashine za miaka ya 1960 hulia kengele halisi, kama za baiskeli. Za miaka ya 1990 huongea, hucheka na kupiga muziki. Babu na mjukuu husimama kwenye mashine moja, na mara nyingi ni babu anayeshinda.

ULIPIGWA MARUFUKU

Mchezo huu ulizaliwa kikamilifu mjini Chicago mwaka wa 1931, pale David Gottlieb alipouza mashine yake iliyoitwa Baffle Ball. Wakati huo haikuwa na stima hata chembe. Mpira ulirushwa kwa spiringi na ukaanguka ulikoanguka.

Mwaka wa 1933 Harry Williams alitoa mashine iliyoitwa Contact, ambayo ilitumia betri kuurusha mpira nje ya shimo. Ndipo stima ilipoingia katika pinboli, na tangu hapo haikutoka. Mwaka wa 1947 kampuni ya Gottlieb ikatoa Humpty Dumpty, mashine ya kwanza yenye flipa za stima. Ilikuwa nazo sita.

Jambo la kuchekesha ni kwamba wakuu wa miji mingi waliuona mchezo huu kuwa kamari. Meya wa New York, Fiorello La Guardia, aliupiga marufuku mwaka wa 1942 na akapigwa picha akizivunja mashine kwa nyundo. Marufuku hiyo haikuondolewa hadi mwaka wa 1976. Leo mashine hizo hizo zimepata makao katika mji uliojengwa kwa kamari, na mchezaji hapati hata senti akishinda. Akishinda sana hupewa mchezo mwingine wa bure.

Nilipozunguka jumba lile kwa saa tatu hivi, swali moja halikuniacha. Mashine zenye umri wa miaka 40, 50 na hata zaidi zinawezaje kuchezwa kila siku na watu wasiozijua, nyingine zikipigwa mateke, na bado ziwake asubuhi ya pili?

Jibu nililipata siku mbili baadaye, si katika jumba hilo bali katika gereji ya mzee mmoja.

MASHINE YA BABU

Mwenyeji wangu mjini Las Vegas ni dada Mkenya ambaye ni muuguzi. Jirani yake ni mzee Mmarekani aliyestaafu baada ya kufanya kazi ya fundi stima wa majumba maisha yake yote. Watoto wa mwenyeji wangu wamezoea kumwita "Babu", na mzee mwenyewe amelikubali jina hilo kwa furaha.

Ndani ya gereji ya Babu, chini ya shuka kuukuu, palikuwa na mashine ya Eight Ball iliyotengenezwa na kampuni ya Bally ya Chicago mwaka wa 1977. Mashine za aina hiyo zilitengenezwa 20,230, idadi ambayo haikupitwa hadi mwaka wa 1992 ilipotoka The Addams Family, iliyotengenezwa mara 20,270.

Babu aliinunua mashine hiyo kutoka kwa mwenye baa aliyekuwa akifunga biashara. Ilifanya kazi miezi michache, kisha ikanyamaza. Kwa miaka mingi ilikaa hivyo, ikiwekewa makopo ya rangi juu yake.

Sasa Babu alikuwa akihamia nyumba ndogo karibu na binti yake katika jimbo jingine, na mashine haingemfuata. Alikuwa amepata mnunuzi wa vipuri ambaye angekuja Jumamosi, aifungue, achukue alichotaka na kutupa sanduku. Lakini alimwahidi mtoto wa mwenyeji wangu, mvulana wa miaka 12, kwamba ikiwaka kabla ya siku hiyo itakuwa yake.

Ilikuwa Alhamisi jioni tulipoitwa gerejini.

"Babu, imekufa kabisa?" mvulana aliuliza.

"Bado hatujui," mzee alimjibu. "Tuanzie ukutani."

Mwanzoni sikumwelewa. Nilidhani angefungua mashine mara moja na kuanza kugusagusa nyaya, kama nilivyozoea kuwaona baadhi ya mafundi wa redio. Badala yake alichukua taa ya mezani, akaichomeka katika soketi ambayo mashine hutumia. Taa ikawaka. Kisha akatoa mita yake ya kupimia stima na kupima soketi. Ilisoma volti 118, kiwango cha kawaida cha Marekani ambako stima ya majumbani ni volti 120.

Alieleza kwamba mashine nyingi hudhaniwa zimekufa ilhali kilichokufa ni soketi. Tena soketi ikitoa volti chache mno, mashine haizimi bali huanza kuwa na vituko, na fundi asiyepima hutumia wiki nzima akitafuta ugonjwa ambao haumo ndani yake.

Kutoka ukutani alifuata waya hadi kwenye plagi. Hapo akatikisa kichwa. Plagi ilikuwa na pini mbili tu. Ile ya tatu, ya waya wa kwenda ardhini, ilikuwa imekatwa kwa koleo na mtu fulani zamani, pengine ili iingie katika soketi ya kizamani.

Msomaji, hili si jambo dogo. Miguu ya pinboli ni chuma, kingo zake ni chuma, na mlango wa sarafu ni chuma. Waya ukichubuka ndani na kugusa chuma hicho, stima hutafuta njia ya kwenda ardhini. Ikiwa waya wa ardhini umekatwa, njia inayobaki ni mchezaji. Babu alikata plagi hiyo akaitupa na kufunga mpya yenye pini tatu kabla ya kufanya jambo jingine lolote.

KUHESABU HADI SABA

Fyuzi kuu ya mashine ilikuwa nzima. Hata hivyo, Babu hakuitazama tu. Aliitoa mahali pake na kuipima kwa mita. Fyuzi huweza kuonekana nzima kwa macho ilhali imekatika ndani ya kofia zake za mwishoni. Na ukiipima ikiwa ingali mahali pake, mita yaweza kusoma njia nyingine ya saketi na kukudanganya.

Alipowasha swichi, taa za nyuma ya kioo kilichochorwa ziliwaka. Mvulana akaruka kwa furaha, lakini mashine haikuitika. Namba za pointi hazikuonekana, na kitufe cha kuanza mchezo hakikufanya lolote.

Kwa Babu, hiyo ilikuwa habari njema. Taa zikiwaka, stima imefika kwenye transfoma, na walau sehemu ya transfoma ni hai. Ugonjwa uko mbele zaidi.

Hapa yafaa nieleze kidogo. Pinboli haitumii stima ya ukutani moja kwa moja. Transfoma huigawa kama mama anavyogawa chakula, kila mmoja kwa kadiri yake. Balbu ndogo hupewa volti 6 hivi. Koili, yaani zile nyaya zilizozungushwa ambazo huvuta chuma na kusukuma flipa, hupewa nyingi zaidi. Mashine za kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1970 hazikuwa na kompyuta. Zilifanya kazi kwa swichi na rilei nyingi zilizofungamana kama utando wa buibui. Eight Ball ni miongoni mwa mashine za mwanzo zilizokuwa na kompyuta ndani, na kompyuta hutaka volti 5, tena zisizoyumba.

Bodi ya kompyuta hiyo imo katika kichwa cha mashine, na juu yake pana taa ndogo nyekundu. Ukiwasha, taa hiyo humeta, kisha kompyuta hujipima hatua kwa hatua. Kila hatua ikifaulu, taa humweka mara moja. Mashine nzima ikiwa salama, inamweka mara 7.

Babu alizima akawasha tena, akamwambia mvulana ahesabu kwa sauti.

"Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita."

Tulingoja. Taa haikumweka tena.

Mzee alitabasamu. Ikiishia sita, alisema, kompyuta yenyewe ni nzima, ila haisikii stima ya koili. Kwa hivyo asingeigusa kompyuta kabisa. Watu wengi hutumia pesa nyingi kununua bodi mpya, na bodi mpya ikifungwa nayo huishia sita, kwa sababu haikuwa na kosa.

VITUO VITANO

Kando ya transfoma pana bodi inayogeuza stima na kuigawa. Watengenezaji waliweka vituo vitano vya kupimia juu yake. Babu alivua saa na pete, akatia mkono mmoja mfukoni na kupima kwa ule mwingine. Alisema hiyo ni desturi ya mafundi wa zamani. Stima ikikupata kwa mkono mmoja itakuuma, lakini ikipita kutoka mkono huu hadi ule, hupitia moyoni.

Na stima ya kuua imo. Kituo kimoja, cha kuwasha namba za pointi, hubeba volti 230 hivi. Tena hata swichi ikizimwa, kapasita huhifadhi stima kwa muda, ndiyo maana fundi huchomoa plagi, akangoja, kisha akapima tena kabla ya kutia kidole.

Kituo cha taa za mchezo kilisoma sawa. Cha namba kilisoma sawa. Kile kinacholisha kompyuta kilisoma volti 12 hivi, nacho ni sawa. Taa za kawaida tulikuwa tumeziona. Kituo cha tano, ambacho kilipaswa kuwa na volti 43 za koili, kilisoma sufuri.

Babu alizima, akachomoa plagi, akangoja. Kisha akamulika kurunzi kwenye fyuzi ya koili, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akiguna kwa hasira.

Fyuzi hiyo ilikuwa imevikwa karatasi ya fedha ya paketi ya sigara.

Nadhani kila msomaji amewahi kuona ufundi wa aina hii, kama si kwenye redio basi kwenye gari. Fyuzi inaungua, duka liko mbali, mtu anafunga karatasi ya fedha au uzi wa waya, na kifaa kinawaka. Kila mtu anafurahi.

Lakini fyuzi ni bawabu. Fyuzi ya koili katika mashine hii ni ya ampea 5. Stima ikizidi kiasi hicho kwa muda, bawabu hufa ili nyumba ipone. Karatasi ya fedha haifi upesi. Hupitisha stima yote inayokuja, hadi kitu kingine kiungue mahali pake.

Hapa kilichoungua ni kishikizo cha fyuzi yenyewe. Joto lilikuwa limeyeyusha risasi iliyokishikilia kwenye bodi, kikalegea na kukata njia. Ubao wa bodi ulikuwa mweusi pande zote mbili, na gamba la waya mmoja lilikuwa limeyeyuka. Mashine ilinyamaza kwa bahati. Kama kile kishikizo kingeshikilia zaidi kidogo, nyaya zingefuata, na sanduku lote la pinboli ni mbao.

Mwenyeji wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimtazama mwanawe kisha akaitazama mashine ambayo ingewekwa katika sebule yake. Hakusema neno.

NANI ALIYEUA FYUZI?

Fundi wa haraka angelehemu kishikizo kipya, akatia fyuzi mpya na kuwasha. Babu alikataa. Fyuzi haiungui bila sababu, alisema, na mtu aliyeivika karatasi alikuwa akimficha mhalifu.

Aliinua ubao wa mchezo na kuusimamisha kama kifuniko cha sanduku. Chini yake palikuwa na nyaya za rangi nyingi na koili zaidi ya kumi, kila moja imevikwa karatasi. Babu hakuchukua mita. Alinusa. Kisha akamulika koili moja iliyokuwa na karatasi ya hudhurungi, kavu kama jani la tumbaku, ilhali karatasi za wenzake zilikuwa safi.

Ndipo akachukua mita. Koili hiyo ilisoma ukinzani mdogo kuliko ya pili yake ya aina hiyo hiyo, ishara kwamba nyaya zake za ndani zimeungua na kugusana. Akaenda kwenye kichwa cha mashine na kupima transista inayoiamuru. Ilikuwa imefunguka moja kwa moja, kama lango lililokwama.

Kisa chote kikawa wazi. Koili hizi hutengenezwa kupokea stima kwa kitambo kidogo tu, kugonga na kuachilia. Transista ikikwama, koili hulishwa mfululizo, hupata moto na kuungua. Fyuzi ilikufa ikijaribu kulizuia hilo. Mtu akaifufua kwa karatasi ya sigara.

Ijumaa mchana Babu alitoa kasha lake la vipuri. Alifunga transista mpya na koili mpya pamoja na dayodi yake, akasugua bodi iliyoungua, akalehemu kishikizo kipya. Mwisho kabisa akatia fyuzi ya ampea 5, ya aina inayoungua polepole, kama ilivyoandikwa na watengenezaji. Vitu vyote hivyo ukivikusanya vinaenea kiganjani.

Jioni mvulana alihesabu tena. Alipofika sita alinyamaza sote tukakodoa macho. Taa ikameta mara ya 7. Namba za rangi ya machungwa zikajitokeza kwenye kioo, na Babu alipobonyeza kitufe cha kuanza, mpira ulirushwa kwa kishindo hata mwenyeji wangu akashtuka.

Flipa moja ilikuwa dhaifu. Babu alisema hiyo ni kazi ya dakika tano. Kila flipa ina swichi ndogo inayofunguka ikifika mwisho wa safari yake, ili stima nyingi ya kupiga ipunguzwe na kubaki ile kidogo ya kushikilia. Swichi ikishika uchafu, flipa huishiwa nguvu. Isipofunguka, flipa hupata stima kamili kwa muda wote kitufe kinapobonyezwa, na koili huungua.

MAGONJWA MENGINE

Tulipokuwa tukinywa chai, nilimwuliza mzee ni maradhi gani mengine ya stima huzisumbua mashine hizi.

La kwanza ni betri. Kampuni ya Bally ililehemu betri ndogo juu ya bodi ya kompyuta ili mashine ikumbuke pointi za juu. Baada ya miaka, betri huvuja na maji yake hula shaba ya bodi kama mchwa. Ya Eight Ball hii ilikuwa imetolewa na Babu siku aliyoinunua, ndiyo sababu kompyuta yake ilipona. Mwenye mashine kuukuu iliyohifadhiwa, jambo la kwanza ni kuitazama betri.

La pili ni viunganishi. Taa nyingi hupitisha stima nyingi katika pini nyembamba. Pini ikilegea hupata joto, ikipata joto hulegea zaidi, na mwishowe plastiki hugeuka nyeusi. Dawa ni kubadilisha pini pande zote mbili, si upande mmoja.

La tatu huzipata mashine za kampuni ya Williams za miaka ya 1990. Mchezaji akibonyeza flipa zote mbili kwa pamoja, mashine huzima na kuanza upya katikati ya mchezo. Watu hulaumu flipa. Kumbe flipa zinapovuta stima, zile volti 5 za kompyuta hushuka chini kidogo ya kiwango, nayo hudhani imezimwa. Wa kulaumiwa aghalabu ni kapasita iliyozeeka, rektifaya iliyochoka au kiunganishi kilicholegea.

Na la nne si ugonjwa. Mashine nyingi za miaka hiyo zina swichi katika mlango wa sarafu inayokata stima ya koili mlango ukifunguliwa, ili fundi asidhurike. Basi wapo waliohangaika siku nzima wakitafuta kwa nini flipa hazifanyi kazi, na mlango ukiwa wazi mbele yao!

JE, ITAFIKA NAIROBI?

Mwenyeji wangu, ambaye ana mpango wa kurudi nyumbani miaka ijayo, aliuliza swali ambalo hata mimi nilikuwa nalo. Je, mashine hii ingeweza kuwashwa Nairobi?

Jibu ni kwamba ingeweza, ila si kwa kuichomeka tu ukutani. Stima yetu Kenya ni volti 240, mara mbili ya ile ya Marekani. Mashine iliyofungwa kwa volti 120 ikichomekwa kwenye soketi ya kwetu, bahati ikiwepo fyuzi kuu itaungua papo hapo. Ikiwa imevikwa karatasi ya fedha, heri usiwepo. Hata hivyo, mashine hizi ziliuzwa kwa wingi barani Ulaya, na kwa sababu hiyo transfoma nyingi zina vituo vya kuunganisha volti tofauti. Fundi anayesoma mchoro huhamisha nyaya na kubadilisha fyuzi kuu ilingane, na asiyeujua mchoro hutumia transfoma ya nje ya kushusha volti, yenye uwezo wa kutosha.

Jumamosi asubuhi mnunuzi wa vipuri alikuja na gari lake, akaikuta mashine inalia kengele. Aliongeza bei. Babu alikataa, wakapeana mikono, akaenda zake. Alasiri wanaume wanne waliivusha mashine uani, miguu yake imefunguliwa na kichwa kimelazwa, hadi sebuleni kwa mvulana.

Kabla ya kumwachia, Babu alimkabidhi vitu vitatu: mita yake ya zamani, kitabu cha michoro cha mashine, na kikopo chenye fyuzi kumi za ampea 5. Akamwambia kwamba ikiungua moja atie nyingine. Ikiungua ya pili, asitie ya tatu, bali achomoe plagi na kutafuta sababu.

Nimekutana na watu wengi wanaodhani ufundi ni kujua kitu gani cha kubadilisha. Siku zile mbili gerejini niliona kwamba Babu alibadilisha vitu vichache sana. Muda mwingi aliutumia kupima, kuanzia ukutani kwenda mbele, bila kuruka hatua, hadi alipofika mahali ambapo stima ilikoma. Njia hiyo haihitaji diploma, na haichagui kati ya pinboli, redio, friji au pasi.

Kwa hivyo msomaji, kama nyumbani kwako kuna fyuzi iliyovikwa karatasi ya fedha au kufungwa kwa uzi wa waya, leo ni siku ya kuitoa. Fyuzi mpya ni rahisi kuliko nyumba. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nao hawakuwa na stima.

Na ukijaliwa kufika Las Vegas, piga picha yako kwenye kibao kama watu wote, kisha ingia katika jumba lile lenye herufi kubwa. Beba sarafu za kutosha. Na ukiona mashine imefunguliwa na mtu ameinama ndani yake na kurunzi, usipite haraka. Simama umtazame kazini, kwani hao ndio wanaozifanya mashine za mwaka wa 1977 ziendelee kulia kengele, na wengi wao nywele zimeshakuwa nyeupe.